Adamu Aliyeshikwa Kifundo cha Mkono

Hii ukiisoma nusu utakuja kunilaumu bure, kwa hiyo kaa chini uisome yote. Na usiniambie huna muda. Umbea wa jana uliusoma mpaka herufi ya mwisho, na ulikuwa mrefu kuliko hadithi hii.

Kulikuwa na usharika mmoja huko Rungwe, kwenye milima ya migomba na chai, mahali ambapo ukianika nguo asubuhi unaianua jioni ikiwa mbichi vilevile. Jina la usharika silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na ninyi wengine haiwahusu.

Watu wa usharika ule walikuwa na desturi nzuri sana. Alfajiri ya Pasaka hawakuanzia kanisani, walianzia makaburini. Kila ukoo ulisimama kwenye makaburi yake, yamefyekwa na kuwekwa maua. Kisha mwenyekiti wa wazee wa kanisa alisimama katikati, akaanza kuwaita marehemu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa kichwa tu, bila kusoma popote.

Akiita jina, ndugu wa marehemu wanajibu kwa sauti: "Yupo!"

Basi, hivyo tu. Hawasemi alikuwepo, wanasema yupo. Jamani, mimi kila nikiwaza desturi hiyo mwili unanisisimka. Watu wamesimama kwenye umande, kaburi liko mbele yao, na bado wanajibu yupo.

Sasa katika usharika huo kulikuwa na mama mmoja, jina lake Subilaga. Watu walimwita Mama Ipyana, kwa jina la mwanawe wa pekee. Ipyana alikuwa kijana mpole, mkulima wa viazi, na kwenye kwaya aliimba besi. Halafu akaanza kuugua ugonjwa ule usioonekana. Akawa hali, halali, hacheki, anakaa kizingitini kutwa nzima akitazama miguu yake.

Watu wakasema ni uvivu. Wengine wakasema ni maringo, ameanza kujiona. Hakuna aliyesema kijana huyu anaumwa, apelekwe hospitali. Siku moja Ipyana akajitoa uhai.

Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Ambilikile, na hapa nitasema ukweli, maana sipendi kumpaka mtu matope ili hadithi yangu inoge. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mnyoofu, hali rushwa, hapendelei hata watoto wake. Tatizo lake lilikuwa moja: sheria akishaishika haiachii hata kama inamkata mtu. Akasema utaratibu wa wazee uko wazi. Aliyejitoa uhai hazikwi ndani ya ua wa makaburi, na jina lake haliitwi Pasaka.

Wakamzika Ipyana nje ya ua wa mianzi, upande wa mtaroni. Pasaka ilipofika, Mzee Ambilikile akaita majina yote, la Ipyana akaliruka. Pasaka iliyofuata akaliruka tena.

Mama Ipyana hakutaka kitu kingine duniani. Hakutaka pole ya mtu, hakutaka kaburi lihamishwe. Alitaka jina la mwanawe liitwe alfajiri ile, na yeye ajibu kama kina mama wengine. Alimfuata Mzee Ambilikile nyumbani kwake, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Najua kilichokuleta."

"Baba, liite hata kwa sauti ya chini. Nitasikia."

"Mama Ipyana, sikiliza. Wengine waliugua, wengine walizeeka, Mungu akawachukua. Wako aliachia mwenyewe. Sasa mimi niite nini?"

Neno hilo, aliachia mwenyewe, lilimkaa mama yule kifuani. Akaacha kuingia ibadani. Jumapili alisimama nje karibu na dirisha, akasikiliza mahubiri, na watu wakianza kutoka yeye ameshaondoka. Ila zamu yake ya kusafisha kanisa hakuwahi kuikwepa. Zamu ikifika, anaingia peke yake, anafuta mabenchi, anapiga deki mpaka madhabahuni, anatoka. Sijui wewe, lakini mimi mama wa namna hiyo namheshimu kuliko wahubiri wengi ninaowafahamu.

Haya. Wakati huo usharika ulikuwa umemaliza kujenga kanisa jipya, na ukuta wa nyuma ya madhabahu ulikuwa mweupe, mpana, hauna kitu. Wakakubaliana uchorwe ufufuko wa Bwana. Mchungaji wao, Tusajigwe, kijana mwenye haraka na moyo mwema, akamwita mchoraji wa makanisa kutoka Songea. Jina lake Gervasi Komba, na wote wakawa wanamwita Fundi Gervasi.

Huyu Gervasi alikuwa na maneno! Ukimpa chai anakupa historia. Ujana wake wote aliumaliza akisoma jinsi Wakristo wa nchi mbalimbali walivyochora habari za Biblia, na ukimgusa hapo hanyamazi. Siku aliyofika, kabla hata hajafungua rangi, aliwakalisha wazee kwenye benchi.

"Wazee wangu," alisema, "mmeniagiza picha ngumu kuliko zote. Kuzaliwa kwa Bwana, wachungaji walikuja wakaona. Msalabani, watu walikuwa wamejaa. Lakini dakika ile ya kufufuka, someni Injili zote nne, hakuna binadamu aliyeiona. Kina mama walipofika, kaburi lilikuwa wazi tayari."

"Sasa mtu anachoraje kitu ambacho hakuna aliyekiona?" Mzee Ambilikile akauliza.

"Hapo ndipo penye utamu, baba!" Gervasi akasogeza kikombe pembeni. "Wachoraji wa kale sana waliogopa. Wakachora kina mama na manukato yao, na malaika, na kaburi tupu, wakaishia hapo. Mwenyewe haonekani. Baadaye, huko Ulaya, wengine wakapata ujasiri, wakamchora anatoka kaburini, mguu mmoja uko nje, mkononi bendera, na askari chini wamelala fofofo."

"Hiyo nimeiona kwenye kalenda," Mchungaji alisema.

"Umeiona, ndiyo. Lakini Wakristo wa mashariki walichora vingine kabisa. Wao hawakumchora akitoka. Walimchora akishuka. Anashuka mpaka kuzimu, anavunja milango yake, na anawafuata waliokufa hukohuko waliko. Anaanza na wale wa kwanza kabisa, Adamu na Hawa."

Wazee wakatazamana kwenye benchi. Mwisho Mzee Ambilikile mwenyewe ndiye aliyesema, "Tuchoree hiyo." Habari ya milango ya kuzimu kuvunjwa ilimfurahisha mno. Akarudia mara nyingi njiani akienda nyumbani, milango, milango, watu wakamsikia.

Gervasi akatundika turubai mbele ya ukuta, akafanya kazi nyuma yake Kwaresima yote. Hakuruhusu mtu kuchungulia. Mchungaji alijaribu, akafukuzwa na brashi yenye rangi.

Ikafika Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Wazee wakaja mchana kukagua kazi kabla wageni wa kesho hawajafika. Na zamu ya usafi siku hiyo ilikuwa ya Mama Ipyana. Alikuwa mwisho wa kanisa, karibu na mlango, na ndoo yake na tambara lake, ameinama anapiga deki, wala hakuna aliyemsalimia.

Gervasi akashika kamba, akavuta turubai likaanguka.

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Wale wazee walisahau kuvaa miwani. Katikati ya ukuta alikuwepo Bwana, vazi lake jeupe linapepea kwa nyuma kwa jinsi alivyoshuka kwa kasi. Chini ya nyayo zake milango ya kuzimu imeng'oka, imelala mmoja juu ya mwingine kwa namna ya msalaba, na kila mahali zimetapakaa kufuli, funguo, misumari na bawaba. Nyuma kulikuwa na umati wa watu wa zamani wanainua shingo, wanangoja zamu yao. Kushoto Adamu, mzee mwenye ndevu nyeupe, goti moja likiwa bado kaburini. Kulia Hawa, amejitanda nguo nyekundu. Bwana amewashika wote wawili, mkono huu na mkono huu, na anawang'oa kutoka shimoni kwa nguvu zake zote.

Ilikuwa picha ya mtu mwenye haraka. Picha nyingi za kanisani watu wamesimama tu wanakutazama. Huyu alikuwa kazini.

Mzee mmoja akaanza kulia waziwazi. Mchungaji akasema, "Fundi, Mungu akubariki." Na kweli ingeishia hapo, tungekuwa na furaha. Lakini Mzee Ambilikile alisogea karibu na ukuta, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Fundi. Hapa umekosea."

"Wapi, baba?"

"Mikono. Tazama ulivyomshikisha."

Wote wakasogea. Ni kweli, Bwana hakuwa amemshika Adamu kiganja. Alikuwa amemshika kifundo cha mkono, pale watu wanapovaa saa. Hawa naye vilevile. Viganja vyao vilikuwa vinaning'inia, vidole vimefunguka.

Sasa lazima uwaelewe watu wa huko. Kwao mkono ni heshima. Unampa mtu kiganja cha kulia, na mkono wa kushoto unaushika mkono wako wa kulia, unainama kidogo. Kumshika mtu kifundo cha mkono ni jambo la aibu. Anayeshikwa hivyo ni mwizi wa ndizi anapopelekwa na mgambo ofisini kwa mtendaji, watu wakifuata nyuma wakizomea. Mwingine ni binti aliyetoroka kwao, baba yake anapomrudisha. Hakuna wa tatu.

"Loo!" mzee mmoja akasema. "Adamu kakamatwa!"

"Na Hawa kama binti katoroka," akadakia mwingine.

"Bwana Yesu si mgambo," Mzee Ambilikile alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Siku ya furaha ya dunia nzima, unamchora anawaburuta watu! Kesho wageni wakija watasema nini? Ibadilishe. Washikane viganja, kama Wakristo."

"Siibadilishi, baba."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili. Nikibadilisha hapo, picha nzima inakuwa uongo."

"Basi." Mzee akageuka. "Chokaa ya kuta za nje imebaki stoo. Ileteni. Afadhali ukuta mweupe kuliko kumdhalilisha Bwana."

Usicheke. Ndivyo mambo makubwa yanavyoharibiwa, na watu waaminifu kabisa. Ndoo ya chokaa ikaletwa. Mchungaji akawa anafungua mdomo na kuufunga, maana kumpinga mzee wa umri wa babu yake mbele za watu hakuweza. Gervasi akasimama mbele ya ukuta wake, amenyamaza, na kwa mtu wa maneno kama yeye kile kimya kilitisha.

Ndipo sauti ikasikika nyuma yao.

"Fundi, samahani. Naomba kuuliza."

Wakageuka. Mama Ipyana alikuwa ameacha deki. Alikuwa amekuja mpaka karibu na madhabahu, mikono inachuruzika maji, na macho yake hayakuwa kwao. Yalikuwa ukutani.

"Mama Ipyana, hapa pana kikao," Mzee Ambilikile alisema.

"Kikao gani watu wamesimama?" Gervasi akajibu. "Uliza, mama."

"Vidole vya Adamu. Mbona vimefunguka? Mbona yeye hamshiki Bwana?"

"Hawezi, mama. Amekufa. Maiti hashiki kitu. Wachoraji wale wa mashariki walimchora hivihivi, kizazi hadi kizazi, anashikwa kwenye kifundo. Maana mkishikana viganja, ni kazi ya watu wawili. Mmoja akilegea, anachomoka. Ukimshika mtu kifundo, yeye hana kazi. Kazi yote ni yako uliyemshika."

Mama akasogea hatua moja kuelekea ukutani. 

"Na kama aliachia mwenyewe?"

 Wazee wakatazama sakafu, maana wote walijua anauliza habari za nani. Gervasi peke yake ndiye hakujua. Alikuwa mgeni, hajawahi kusikia jina la Ipyana. Alijibu kama mchoraji anayeulizwa kuhusu kazi yake.

"Mama, vitazame vizuri vile vidole. Nimevifungua makusudi. Huyu ameachia. Lakini hajaachiwa."

Mama Ipyana akajifunika uso kwa mikono ile yenye maji ya deki, akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia mabega yakitikisika, na Mchungaji naye machozi yakamtoka, akageukia dirishani.

Mzee Ambilikile uso ukamwiva. Nadhani aliona mambo yanamponyoka. "Maneno matamu hayo," alisema. "Lakini tusidanganyane. Mtu mzima anainuliwa kwa kupewa mkono. Tumeinuana hivyo tangu tuzaliwe."

"Tujaribu basi, baba," Gervasi alisema. "Lala hapo chini. Uwe maiti."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayebisha."

Hapa ndipo nampendea mzee huyu. Mwingine angetoka kwa hasira. Yeye ukimwambia pima, anapima. Akavua koti lake la kanisani, akalikunja vizuri kwenye benchi, akalala chali mbele ya madhabahu, kwenye sakafu iliyolowa, mwenyekiti mzima. Wazee wenzake wakaziba midomo.

"Legea, baba. Maiti hajikazi."

"Nimelegea!"

"Maiti haongei."

Mchungaji akainama, akamshika kiganja kwa heshima zote, akavuta. Mabega ya mzee yakainuka kidogo, kisha vidole vikateleza, puu, akarudi chini. Mchungaji akavuta tena, mara hii kwa mikono miwili. Mkono ukachomoka, na Mchungaji mwenyewe akateleza akakaa kitako. Hapo hata yule mzee aliyelia mwanzo alicheka. Mzee Ambilikile akabaki amelala, anatazama juu, na kutoka pale chini alichokiona kilikuwa Bwana mkubwa amemwinamia Adamu.

Gervasi akakunja mikono ya shati ili amwinue yeye. Hakuwahi.

Mama Ipyana alikuwa ameshafika.  Akainama, akamshika Mzee Ambilikile kifundo cha mkono, pale pale kwenye saa, akakaza mguu sakafuni, akavuta. Mikono ile ilizoea kunyanyua magunia ya viazi shambani. Mzee alitoka chini kwa mvuto mmoja, akajikuta amesimama, wanatazamana uso kwa uso, na mama bado hajamwachia.

Kila mtu alijua sasa atasema nini. Amempata. Mbele za watu wote, atamwambia ya mwanawe, yote yaliyomjaa siku zote hizo. Mimi ningekuwa yeye ningeyasema, tena kwa kelele.

Yeye aliuliza jambo moja tu, tena kwa upole.

"Baba, umesimama. Ulishika nini?"

Mzee Ambilikile akautazama mkono wake. Vidole vilikuwa vimefunguka.

"Sikushika kitu," alisema.

"Haya, baba."

Akamwachia. Akaenda akaokota tambara lake, akapiga magoti, akaendelea na deki pale alipokuwa ameachia, karibu na mlango.

Mzee akabaki amesimama mbele ya picha. Wenzake walimngoja, wakachoka, wakakaa. Mwisho akavaa koti lake, likiwa kavu juu ya shati lililolowa, akawaambia wenye ndoo, "Rudisheni chokaa stoo." Akatoka bila kuaga mtu.

Kesho yake alfajiri watu wakakusanyika makaburini. Ukungu ulikuwa mzito hata mtu wa jirani humwoni vizuri. Kila ukoo kwenye makaburi yake. Mama Ipyana alikuwa alikokuwa kila Pasaka, nje ya ua, peke yake kwenye kaburi la mwanawe, na mianzi katikati yake na wenzake.

Mzee Ambilikile akaanza. Aliita jina, na kutoka ndani ya ukungu likatoka jibu, "Yupo!" Akaita jingine. "Yupo!" Upande wa juu, "Yupo!" Kitoto kilichofariki kabla ya kubatizwa, mama yake akajibu, "Yupo!" Aliita hivyo mpaka majina yakaisha, yote yanayojulikana. Mchungaji akavuta pumzi aanzishe wimbo.

"Bado," Mzee alisema.

Akageuka akautazama ua. 

"Ipyana!"

Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa amelisubiri neno hilo kwa muda mrefu mno, na sasa lilipokuja mdomo haukufunguka. Umati wote ukasimama bila kukohoa. Wangeweza kumjibia, lakini desturi ilikuwa ndugu ndiye anayejibu, na Ipyana hakuwa na ndugu mwingine.

Mzee akaita tena, safari hii kwa sauti iliyopasuka.

"Ipyana, mwana wa Subilaga!"

"Yupo!" Mama alipiga kelele, jamani, si kujibu tena ile. "Yupo! Yupo baba, yupo!"

Na usharika mzima, kila ukoo kwenye makaburi yake, ukaitikia pamoja naye, hata wale waliosema ni uvivu, hata wale waliosema ni maringo. Wanawake ndio waliotangulia kuuendea ua. Walipofika, Mzee Ambilikile alikuwepo tayari, anafungua kamba za mianzi kwa mikono yake, anaitupa pembeni mmoja mmoja, mpaka pakawa na njia.

Alipita wa kwanza. Watu wakadhani anakwenda kumwomba radhi mama. Alimpita. Akapiga magoti kwenye kaburi, na suruali yake nzuri, kwenye tope la mtaroni.

"Kijana wangu," alisema, "nisamehe. Ulikuwa unaumwa, na mimi sikukuona."

Mama Ipyana akapiga magoti karibu naye.

"Amesikia, baba," akamwambia.

Wewe unayesoma, kama unamfahamu mtu aliyekaa kizingitini siku nyingi anatazama miguu yake, kabla ya kumtumia hadithi hii mwendee kwanza. Hadithi itangoja.

Funzo: Aliyeishiwa nguvu usimdai ashike, mshike wewe, na akilegea uzidi kukaza, kwa maana hata sisi sote tunaotumaini kufufuka hatutafufuka kwa kushika bali kwa kushikwa.